Karani wa Madunguni

Mara ya kwanza kunikosoa alikuwa darasa la nne. Nilikuwa nimeandika hesabu ubaoni, hesabu ya magunia ya mpunga, nimegeuka kuwatazama watoto kwa lile jicho langu ambalo walimu wenzangu waliliita tochi, nikaona mkono mmoja mwembamba uko juu. "Mwalimu, samahani," akasema, "umekosea, lakini si sana." Darasa zima likainamisha vichwa, likingoja fimbo. Nikageuka ubaoni. Kweli nilikuwa nimekosea, na kweli si sana. Nikafuta, nikaandika upya, nikamwambia akae. Tangu siku ile sikuandika kitu ubaoni bila kukipitia mara mbili, na yeye hakuacha kunipitia.

Jina lake silisemi. Jina analo, zuri, la ubatizo, na siku hizi limeandikwa kwenye vyeti; anayelitaka akamwombe mwenyewe. Sisi wa bondeni tulimwita Karani, na aliyeanza kumwita hivyo ni baba yake. Wala sitaeleza alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, maana mtu ninayemsimulia hapa ukoo haukumtengeneza. Alijitengeneza mwenyewe huku tukimtazama, na wengine wetu tukimzibia njia. Mimi nikiwamo, na nitalisema hilo pia, kwa sababu yeye angenikosoa nikiliruka.

Kwetu, upande wa Namawala, mtu ana makao mawili. Kuna nyumba ya kijijini yenye mlango na kufuli, na kuna dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo kule mashambani, ambako familia huhamia na masufuria yake na kuku wake mpunga unapoanza kutoa masuke. Usipokuwepo kuamia, ndege wanakumalizia shamba, unabaki na mabua. Hata sisi walimu tulikuwa na mashamba huko; mshahara ni mshahara, mpunga ni mpunga. Dungu langu na dungu la baba yake yalitenganishwa na tuta moja tu. Mtu akipiga chafya kwao, mimi huku nasema afya. Basi nikamjua mtoto yule kwa pande mbili: siku za kazi mwanafunzi wangu, Jumamosi na Jumapili jirani yangu.

Ukarani wake ulianzia kwenye chupa ya dawa ya magugu. Baba yake alikuwa tayari ameshika ndoo, anataka kuchanganya kwa kukadiria kama kila mwaka, mtoto akaichukua ile karatasi iliyobandikwa kwenye chupa akaisoma. "Baba, hapa wanasema kifuniko kimoja. Wewe umeweka vitatu." Alikuwa na miaka tisa. Yule mzee aliishia darasa la tatu, na hata hayo matatu macho yalishayasahau. Akacheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alipita dungu hadi dungu akiwaambia watu, "Mimi bwana nina karani wangu. Mnaona ninyi? Ninyi mtaunguza mashamba, mimi nina karani!"

Watu wakaanza kuja. Huyu na kadi ya kliniki, yule na barua ya mtendaji, mwingine na cheti cha ubatizo ambacho padre amekirudisha kwa sababu majina hayalingani. Mtoto alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalamu ameichomeka kwenye nywele, anasoma, anaandika, anauliza maswali ambayo mtu mzima haulizwi na mtoto. Na baba yake kule juu ya dungu akiona mtu anakuja kwenye tuta, anaita kwa sauti ya mtu mwenye ofisi: "Karani! Una mgeni!" Nataka hili lijulikane mapema. Alimpenda. Watu hudhani baba anayetaka kumuoza mtoto hampendi mtoto. Weee, ingekuwa hivyo dunia ingekuwa rahisi.

Alikuwa na sheria zake. Uongo haandiki. Kuna jamaa mmoja alimwendea amwandikie wakwe zake kwamba mkewe anaumwa sana, hawezi kuja kulima kwao, na mke mwenyewe sote tulimwona asubuhi ile anatwanga. Karani akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nitaandika kwamba umeniambia anaumwa." Jamaa akasema ni kitu kilekile. "Basi kama ni kilekile, niandike hivyo?" Jamaa aliondoka na karatasi yake tupu akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Adabu alikuwa nayo. Alimwamkia shikamoo akija na akamwamkia tena akiondoka.

Sasa msije mkadhani nawapa habari za malaika. Nimekaa naye nyumba moja, hapa Lipangalala, mjini Ifakara, miaka miwili na nusu. Kwa nini alikaa kwangu nitafika. Mtoto wa Kilombero, amekulia katikati ya mpunga, hajui kupika wali! Si kwamba hajui. Anaubandika, anafungua kitabu, basi. Majirani zangu walijua kurasa alizosoma kwa harufu ya sufuria. Nilikuwa nikimwambia, "Karani, siku utakayoolewa utarudishwa na sufuria lako mkononi." Ananijibu bila kuinua macho, "Basi atakayenioa awe anajua kupika. Wapo."

Anaogopa vyura. Mtu amelelewa kwenye majaruba ya mpunga, vyura ndio kwaya yake ya usiku, lakini mmoja akiingia ukumbini anapanda juu ya kiti na kuniita mimi mwanamke mwenye magoti mabovu nije na fagio. Kwaya nyingine, ile ya kanisani, walimvumilia kwa miaka kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwanakilia nyimbo. Alipoimba, mwalimu wa kwaya alitazama dari. Na samahani yake ilikuwa nzito. Akikukosea hasemi samahani. Anakuosha vyombo vyako vyote, anafagia uwanja, anakuletea maji ya kunywa hukuyaomba, mpaka unamwambia, haya basi, yameisha, kaa chini.

Kitu kimoja nilikiona kwake ambacho sijakiona kwa mtoto mwingine, nami nimefundisha hadi nikapata mvi. Hakuwahi kulia mbele ya mtu aliyemuumiza. Najua, maana mmoja wao ni mimi. Alikuwa darasa la sita, msimu wa ndege, akawa anachelewa kila siku. Siku ya tano nikamwita mbele. Akanyoosha mkono, nikamchapa nne, za kweli. Akaushusha mkono, akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, sasa niulize kwa nini nimechelewa." Nilitaka ardhi inimeze. Alikuwa anaamka alfajiri bondeni, anaamia ndege mpaka jua litoke na mama yake ampokee, halafu anakuja shuleni anakimbia, kilomita sijui ngapi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Tope nilikuwa naliona kila siku. Nilikuwa naliandika uchafu.

Sikumwomba msamaha siku ile. Sisi walimu wa zamani hatukujua hata unaanzaje. Lakini fimbo niliiacha. Wenzangu waliniuliza kulikoni, nikasema bega linaniuma.

Alipofaulu kwenda sekondari, baba yake alichinja jogoo. Hilo nalo liandikwe. Na kuamia hakuacha, ila sasa aliamia kisekondari. Kule bondeni tunafunga kamba ndefu toka dungu hadi mwisho wa shamba, tunaining'inizia makopo, unavuta kamba na kupiga kelele. Wengine hupiga kelele za matusi, ndege hawajali. Yeye alikuwa anavuta kamba na kukariri masomo: "Haidrojeni! Heliamu! Lithiamu!" Mpunga wote ukisikia. Bibi mmoja wa dungu la tatu alikuja kwangu ananong'ona, je, huyu mtoto anaita mizimu gani? Nikamwambia ni kemia, bibi. Akasema, "Hiyo kemia ina nguvu. Kwangu ndege wamehama."

Basi ndipo tufike kwenye barua.

Alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na mitano. Mwezi wa tano, masuke yameanza kuinama. Mama yake alishikwa na malaria, baba akaomba shuleni apewe mtoto wiki moja tu amsaidie kuamia. Wiki ikawa mbili. Mimi nilikuwa nimeshasikia fununu. Nilisikia kuna mtu wa upande wa Mlimba, mtu wa miaka arobaini hivi, amefiwa na mke, ana mashine ya kukoboa na pawatila ya kulimia, anatafuta mke. Hakuna aliyemsema vibaya, na mimi sitaanza leo. Nilisikia pia kwamba anatafuta kwa jirani yangu. Nikanyamaza. Nilijiambia, si mwanafunzi wangu tena, ana walimu wake huko. Nilijiambia, yule mzee ndiye anayeniamia shamba langu siku za kazi nikiwa shuleni; nikigombana naye nani atanisaidia? Nilibakiza miezi michache nistaafu. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, mwalimu mzima.

Jumamosi ile nikamwona mzee amevaa shati jipya. Mtu havai shati jipya kuamia ndege. Saa nne hivi mshenga akatokea kwenye tuta, mzee wa heshima zake, suruali ameikunja, viatu mkononi, na kwapani bahasha imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akapokewa, akapanda dungu, akatandikiwa mkeka, akaletewa wali na perege. Utaratibu ni kwamba barua ya posa husomwa kwa sauti mbele ya wenye nyumba na mshenga mwenyewe, na mshenga haondoki mikono mitupu. Hukaa hapo mkekani anakula mpaka apewe jibu la maandishi. Majibu ya mdomo tu huitwa maneno ya vilabuni.

Sasa sikieni kosa la yule baba. Kwenye nyumba ile, kwa miaka sita, hapakuwa na karatasi iliyosomwa na mtu mwingine. Hata risiti. Akaipokea bahasha, akaigeuza, na mdomo ukamtangulia: "Karani! Njoo, kuna barua!"

Akaacha kamba, akaja, kalamu kwenye nywele. Akamwamkia mgeni, akapanda, akafungua kile kitambaa, akakikunja vizuri akakiweka pembeni, akaanza kusoma. Mimi nilikuwa kwenye dungu langu nachambua mboga, nasikia kila neno. Sauti ilikuwa ileile ya kusomea karatasi ya dawa. Kwa heshima na taadhima. Sisi ndugu zenu. Tumepita karibu na bustani yenu, tumeona ua zuri, tunaomba ruhusa ya kulichuma. Nikamwona baba yake anaanza kunyoosha mkono, sasa ndiyo amekumbuka, lakini mshenga ameshatua tonge anasikiliza, na barua ya posa haikatizwi. Akaendelea. Akafika kwenye jina. Akalisoma jina lake mwenyewe, lote, la ubatizo na la baba, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Akamaliza na salamu za mwisho, akaikunja.

Ndege wakashuka shambani, hakuna aliyevuta kamba.

Aliyesema wa kwanza ni mama, kutoka kule pembeni alikolala na homa yake. Mwanamke mkimya sana yule. Kwa miaka yote ile sidhani nilimsikia akisema maneno kumi kwa mpigo. Akasema, "Na mimi ililetwa kama hiyo. Waliiweka mbele yangu. Mpaka leo sijui iliandikwa nini."

Baba akajifanya hakusikia. Akamwambia mtoto, "Andika jibu." Mtoto akasema, "Sema, baba, naandika." Ndiyo, akaandika! Nilishtuka, karibu nishuke. Mzee akasema yake, kwa kiburi na kwa kigugumizi, maana hakuna baba anayezungumza vizuri siku kama ile: tumepokea barua yenu, tumefurahi, sisi hatuna kipingamizi, njooni tupange siku. Kalamu ilitembea yote. Aliponyamaza, kalamu ikaendelea kutembea.

"Unaandika nini tena?" baba akauliza.

"Namalizia. Nisome?"

"Soma."

Akasoma maneno ya baba yake yote, hakuacha hata moja. Kisha akasoma: "Mimi niliyeandika barua hii ndiye ninayeposwa. Nina miaka kumi na mitano. Niko kidato cha pili. Hayo ya juu ni maneno ya baba yangu na nimeyaandika kama alivyosema. Haya ya chini ni yangu. Sijakubali. Nataka kusoma." Chini akaweka jina lake na darasa lake.

Mimi nilikaa na mboga zangu mkononi. Nimewafundisha watu barua miaka yote, anwani juu, salamu, kiini, hitimisho. Sijawahi kusikia barua yenye kiini kile.

Mshenga akanawa mikono taratibu. "Barua hii ina midomo miwili," akasema. Mzee akamwambia mtoto achane, aandike nyingine. Akajibu, na sauti sasa ilikuwa inatikisika, nilisikia ikitikisika: "Chana wewe, baba. Nyingine siandiki." Mzee akasimama. Nilidhani atampiga, na pale juu ya dungu hakuna pa kukimbilia. Badala yake akageukia kwangu, akaita kwa sauti kubwa: "Mwalimu! Hebu vuka tuta, uje utuandikie maneno mawili!"

Hapo ndipo na mimi nilipopimwa. Ningependa kusema nilijibu palepale. Sikujibu palepale. Nilitazama shamba langu, nikatazama magoti yangu, nikamtazama yule mtoto, naye hakuniomba kitu. Alikuwa ananitazama tu, kama siku ile ya hesabu, anangoja nijione mwenyewe nimekosea wapi. Nikashuka, nikavuka tuta, nikasimama chini ya dungu lao.

"Jirani," nikasema, "mimi siandiki. Na akiandika mtu mwingine yeyote, naipeleka kwa mtendaji mwenyewe. Huyu ni mwanafunzi. Kumuoza mwanafunzi ni jela, wewe unalijua, mshenga analijua, na aliyemtuma analijua."

"Kumbe ni wewe uliyemharibu!"

"Natamani ningekuwa mimi. Huyu hakumngoja mtu."

Mshenga ndiye aliyeamua. Aliichukua ile barua mkononi mwa mtoto, akaifunga na kitambaa chake cheupe, akavaa kofia. "Nilitumwa kuleta jibu," akasema, "na jibu ni hili." Akashuka na viatu vyake mkononi. Tulisikia baadaye kwamba ilisomwa Mlimba mbele ya wazee, yote, juu na chini, na yule bwana akainuka akasema, "Mimi nilitafuta mke, sikutafuta kesi." Akaoa mwanamke mjane mwaka uliofuata, na wanaishi vizuri, na namshukuru.

Jumatatu nilikwenda kwa mtendaji na Karani. Mtendaji alikuwa kijana, moto, anataka polisi waje leo leo. Karani akasema, "Mimi nataka shule. Sijasema nataka baba afungwe. Akifungwa, mama anaumwa, nani ataamia? Na mimi nitaitwa aliyemfunga baba yake mpaka nizeeke." Basi mzee akaitwa, akaandikishwa pale ofisini kwamba hatamuoza. Alitia sahihi, akatoka nje, akasema mbele ya watu wote waliokuwa wanangoja kwenye benchi, "Karani sina. Mtoto huyu mchukueni ninyi wenye kalamu." Akaondoka bila kutazama nyuma.

Ndivyo alivyokuja kwangu. Mwaka uleule nilistaafu, nikahamia kwenye kinyumba changu hapa Lipangalala, uhamisho wake ukapatikana, akaja na begi moja na ile ndoo. Nilimwambia ndoo tunazo. Akasema anajua.

Wanaomsifu leo hawakuona gharama. Kila likizo alikuwa anakwenda kumwona mama yake, na kila likizo baba yake alikuwa anakula chakula chake juu ya dungu, mgongo ameugeuzia ngazi. Hampigi, hamfukuzi, hasemi naye. Karani akimwamkia, haitikii. Jamani, shikamoo isiyoitikiwa! Wengine wangeacha baada ya mara mbili. Yeye aliendelea kuamkia ule mgongo kwa miaka miwili na nusu. Akirudi kwangu namuuliza, vipi kwenu? Ananiambia mpunga umekuwaje, mama amekuwaje, kuku wamekuwaje. La baba hakuligusa. Usiku wa kurudi hakusoma. Ulikuwa ndio usiku pekee wali haukuungua.

Na wanafunzi wenzake hawakumwachia. Walimwita aliyejikatalia posa. Akawa kiranja mkuu, wakapata adabu. Katika mtihani wa kidato cha nne hakuwa wa kwanza. Mniwie radhi mliotaka awe wa kwanza. Hisabati ilimsumbua. Lakini kemia na baiolojia alizipiga vizuri sana, na jina lake likatoka kwenye orodha ya waliopata chuo cha serikali, mkoa mwingine, kusomea maabara. Siku ile nilitembea barabara yote ya Lipangalala nikimsimamisha kila mtu ninayemjua, na wawili ambao siwajui. Watu wakasema Mwalimu kachanganyikiwa. Wacha waseme. Nimezaa wanne mwenyewe, nawapenda, lakini yule alinifundisha kazi yangu.

Mara ya mwisho kumwona ni asubuhi ya safari, stendi ya mabasi hapa Ifakara. Nilimsindikiza na begi lake. Amekaa dirishani, amevaa gauni alilolipiga pasi mwenyewe, mikono magotini, ametulia kama mtu anayengoja mtihani ugawiwe. Nilikuwa namhubiria mambo ya neti ya mbu na marafiki wabaya, yeye anasema ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, mara akanyamaza. Nikageuka kuangalia anachoangalia.

Mzee alikuwa anakuja kutokea upande wa bodaboda. Ametoka shambani moja kwa moja, gambuti zina tope bichi. Hakubeba kitu. Mama mtu ndiye aliyemwambia siku, nilijua baadaye. Akasimama mbele ya basi kama hajui ufike vipi mahali ambapo hujaalikwa. Kondakta akamwona, akamrukia, "Mzee wangu, safari? Nafasi ipo, twende!"

"Mimi sisafiri," akasema. "Anasafiri mwanangu."

Nilishika ubavu wa basi. Karani akainuka kwenye kiti, akainama dirishani. "Shikamoo, baba."

Yule mzee akatazama tairi. Akatazama gambuti zake. Halafu akainua uso.

"Marahaba," akasema. Na kabla mtu yeyote hajaongeza neno, akanyoosha kidole: "Usikae upande huo. Hamia upande wa mlango. Huko jua litakuchoma mpaka Mikumi."

Na Karani, mtu ambaye hajawahi kuambiwa jambo akalifanya bila kuuliza sababu, alichukua begi lake akahama. Nilimwona kupitia vioo akikaa upande wa pili, akageuzia uso dirisha la huko, mabega yanamtikisika. Miaka yote ile sijawahi kumwona akilia. Baba yake naye aliona. Aliona, akavua kofia akaishika tu.

Basi likaondoka. Tulisimama pale, mimi na jirani yangu ambaye hatukuwa tumesemeshana tangu ile Jumamosi, tukaliangalia mpaka likakata kona. Vumbi likatulia. Nikangoja aseme habari za barua, au aseme nisamehe, au anitukane. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Mwalimu," akasema, "amekwenda kusomea nini?"

Nikamtazama. Kumbe hakujua. Alikuja mbio kutoka bondeni kumsindikiza mtoto na hakujua anakwenda kusoma kitu gani.

"Twende tukanywe chai," nikamwambia, "nikueleze."

"Twende," akasema, akivaa kofia yake. "Lakini unieleze polepole, nishike. Kule madunguni nataka niwaambie mwenyewe."